Mhasibu Aliyehesabu Ndege wa Amani: Maisha ya Reginald Moreau, 1897–1970

Ndugu wanachama, wazawa wa Amani na Muheza mlioko nyumbani, Tanga mjini, Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo: kila mwaka katika kijitabu chetu cha harambee tunatenga kurasa chache kumkumbuka mtu mmoja ambaye kazi yake imeligusa eneo letu. Tumeshawaandika walimu, waganga na wazee wa mashamba ya mkonge. Mwaka huu kamati imemchagua mtu ambaye hakuzaliwa kwetu, na hatufichi kwamba lilizuka jambo kikaoni. Wajumbe wawili waliuliza kwa nini tumwandike Mzungu wa enzi za mkoloni wakati wapo wazee wetu wengi ambao hawajaandikwa. Swali lao lilikuwa la haki. Tulikubaliana kwamba tutamwandika, lakini tutawaandika pia wale waliokuwa wakitembea mbele yake msituni, kwa kadiri majina yao yalivyobaki.

Reginald Ernest Moreau alizaliwa tarehe 29 Mei 1897 huko Kingston, kando ya mto Thames, nchini Uingereza. Familia yake ilikuwa ya kawaida, na baba yake aliumia katika ajali ya treni akabaki mtu wa afya dhaifu, kwa hiyo kijana hakupata nafasi ya kwenda chuo kikuu. Alifanya mtihani wa utumishi wa serikali akaajiriwa katika idara ya ukaguzi wa hesabu za jeshi. Kazi yake ilikuwa tarakimu, risiti na madaftari. Akiwa bado kijana akashikwa na baridi yabisi, ugonjwa ambao katika unyevu wa Uingereza ungemmaliza, na mwaka 1920 akahamishiwa Kairo, Misri, kwenye hewa kavu.

Huko Misri ndiko alikoanza mambo ya ndege. Siku za mapumziko alikuwa akitoka kwenda jangwani na kwenye mabwawa, akiangalia na kuandika. Alipata marafiki waliomfundisha, mmojawapo Michael Nicoll wa bustani ya wanyama ya Giza. Wenzetu wanaojua ndege wa Usambara watalikumbuka jina hilo, kwa sababu yupo mnana wa milima yetu ambaye jina lake la kisayansi ni Ploceus nicolli. Alipewa jina hilo mwaka 1931, wakati Nicoll ameshafariki na hajawahi kuuona msitu wa Amani. Hukohuko Misri Moreau alikutana na Winifred, aliyeitwa Winnie, ambaye naye alipenda kutembea porini. Walioana mwaka 1924. Tangu hapo ni vigumu kutenganisha kazi ya mmoja na ya mwenzake, na binti yao walimpa jina la jamii ya ndege.

Mwaka 1928 wakaja Amani.

Vijana wengi wa leo wanaijua Amani kama mahali pa hospitali na utafiti wa malaria, au mahali pa kupeleka watalii, kwa hiyo inafaa kueleza ilikuwaje siku hizo. Wajerumani walifungua pale kituo cha utafiti wa kilimo na biolojia mwaka 1902, mkuu wake wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann. Walifyeka, wakajenga nyumba zile za mawe na bati tunazozijua, na wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia katika bustani iliyotapakaa mlimani. Reli ndogo ilipanda kutoka Tengeni hadi Sigi kubeba mbao. Ikaja vita ya kwanza, Wajerumani wakaondoka, kituo kikadorora kwa miaka kadhaa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Waingereza wakakifufua kiwe kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki nzima. Moreau hakuletwa kuwa mtaalamu wa ndege. Aliletwa kushika kazi ya ofisini: maktaba, barua, uchapaji, na baadaye uhariri wa jarida la kilimo la Afrika Mashariki lililoanza mwaka 1935. Hakuwa na shahada ya biolojia.

Tunasema hili kwa makusudi. Wenzake wa kituoni walikuwa wakishughulika na mambo ambayo serikali iliyaona ya maana. H. H. Storey na wenzake walikuwa wakizalisha mihogo inayostahimili ugonjwa wa batobato, na mbegu iliyotokana na kazi ile ilikuja kusaidia wakulima hadi Nigeria. Peter Greenway alikuwa akikusanya mimea na majina yake ya Kiswahili, akatoa kamusi ya majina ya mimea ambayo mtu wa kwetu akiifungua anakutana na maneno ya bibi yake. Huyu mhasibu na mtunza maktaba aliifanya kazi ya ndege kwa muda wake mwenyewe, alfajiri, jioni na Jumapili. Matokeo yake ndiyo yanayotajwa zaidi leo katika vitabu vya dunia.

Alifanya nini hasa? Jambo la kwanza alilolifanya ni lile analolifanya mkaguzi wa hesabu akifika ofisi mpya: kujua kilichopo. Alizunguka Usambara yote, ya mashariki na ya magharibi, akaandika ni ndege gani anapatikana wapi, kwenye msitu wa namna gani, na kwenye kimo gani. Aligundua jambo ambalo kwetu sisi tuliokulia pale ni la kawaida lakini wataalamu lilikuwa likiwashangaza. Amani iko kwenye mita 900 hivi tu juu ya usawa wa bahari, lakini ndani ya msitu wake wamo ndege ambao kwingine unawakuta milimani juu kabisa. Sababu ni bahari. Upepo wa unyevu unatoka Tanga na Pangani, unapiga milima ya mwanzo, mawingu yanakaa, na msitu wa mlimani unashuka chini kuliko kawaida. Mtu akisimama Muheza asubuhi akatazama ukungu ulivyolala juu ya Amani, anaiona sababu hiyo kwa macho yake.

Halafu akauliza swali la pili, ambalo ndilo lililompa jina. Ndege wa msitu wa Usambara wana ndugu zao Uluguru, Udzungwa, na hata mbali zaidi. Kati ya milima hiyo kuna nyika kavu yenye miiba, na ndege hao hawavuki nyika. Wengine hawathubutu kuvuka hata shamba lililo wazi. Sasa walifikaje? Mwaka 1933 Moreau aliandika kwamba jibu liko katika hali ya hewa ya zamani. Wakati Ulaya imefunikwa na barafu, kwetu nako kulikuwa na baridi zaidi, na misitu ya milimani iliteremka hadi mabondeni, ikakutana. Joto lilipopanda, misitu ikapanda nayo, ikabaki kama visiwa, kila kisiwa na ndege wake. Maisha yake yote alikuwa akiirudia hoja hii, akirekebisha tarakimu zake kila ushahidi mpya ulipotokea, hadi kitabu chake kikubwa kuhusu ndege wa Afrika na visiwa vyake kilipotoka mwaka 1966. Wengine wamemsahihisha tangu hapo. Lakini tunaposikia leo milima yetu ikiitwa hazina ya dunia yenye viumbe wasiopatikana kwingine, tukumbuke kwamba yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza waliokaa chini wakauliza imekuwaje hata wakawa hapa tu.

Sasa tuje kwa hondohondo, maana hapa ndipo tungependa kukaa kidogo.

Kila mtoto wa Amani anamjua hondohondo kwa sauti ya mabawa yake kabla ya kumwona. Wazee walijua kwamba jike hujifungia ndani ya tundu la mti wakati wa kutaga, akabaki mfungwa, akilishwa na dume kupitia ufa mwembamba. Reginald na Winnie walitaka kujua zaidi ya hapo. Je, dume huleta chakula mara ngapi? Huleta nini? Analeta matunda mangapi kwa safari moja? Maswali kama haya hayajibiwi kwa kupita siku moja na darubini. Lazima mtu akae chini ya mti huo kuanzia kunapopambazuka hadi giza linapoingia, kesho arudi, na kesho kutwa arudi tena, mvua inyeshe au isinyeshe. Walikaa wenyewe, na waliwaajiri wasaidizi wa hapa hapa kukaa na kuandika.

Hesabu waliyoipata inatajwa mpaka leo. Mfungo wa jike uliendelea kwa siku kama 120. Katika muda huo dume alikuja kwenye tundu mara zipatazo 1,600, akileta matunda yapatayo 24,000. Humtapikia jike moja baada ya jingine kupitia ule ufa. Hata udongo wa kuzibia tundu dume huubeba kooni, akautoa kwa vidonge, na jike ndiye fundi wa kupiga lipu. Tumewasimulia akina mama kadhaa wa kamati habari hii, na maoni yao kuhusu wanaume wa siku hizi hatutayachapa hapa.

Faida ya hesabu ile inaonekana zaidi leo kuliko siku zile. Matunda 24,000 ni mbegu nyingi, na mbegu hizo huangushwa mahali popote ndege anapotua. Miti mingi ya msitu wetu inategemea hondohondo na wenzake kuipandia watoto. Lakini kuna upande wa pili. Wakati wa Wajerumani uliletwa Amani mti uitwao kitaalamu Maesopsis, unaokua haraka na kuzaa matunda ambayo hondohondo anayapenda sana. Baadaye msitu ulipofunguliwa na wakata mbao, hondohondo akausambaza mti huo kila penye uwazi, na sasa umesonga miti ya asili katika sehemu kubwa ya msitu. Moreau hakuliona tatizo hilo likifika lilipofika. Hata hivyo anayetaka kuelewa mti mmoja uliletwaje bustanini ukaishia kuteka mlima, lazima aanzie kwenye daftari lile la chini ya tundu la hondohondo.

Daftari nyingine ilikuwa ya mayai. Moreau alikusanya kumbukumbu za viota kwa maelfu, zake na za wengine kutoka pande mbalimbali za Afrika, akaonyesha mwaka 1944 kwamba ndege wa nchi za joto hutaga mayai machache kuliko ndugu zao wa Ulaya. Mbona hapa yai mbili na kule tano? Mjadala wa swali hilo ulimvuta David Lack wa Oxford, mmoja wa wanabiolojia wakubwa wa karne iliyopita, na ndio uliomfungulia Moreau mlango alipoondoka Afrika.

Kabla hajaondoka, turudi kwa watu wetu. Moreau hakuwa na macho ya kumwona kila ndege, na viungo vyake vya baridi yabisi havikuwa vya kupanda Nguu na Uluguru kila mwezi. Jina moja limebaki vitabuni: Salimu Asmani. Huyu alikuwa mkusanyaji stadi, mtu wa kujua sauti, kujua mahali, kujua ndege yupi ni wa kawaida na yupi hajawahi kuonekana. Kazi yake ilikuwa kumtoa ndege kwenye kichaka kisichopitika na kumwandaa vizuri ili afike makumbusho akiwa mzima wa manyoya. Moreau alimtambua kwa maandishi, jambo ambalo wakoloni wengi hawakulifanya. Hata hivyo tukitazama majina ya ndege waliopewa sifa wakati huo tunaona nani aliyekumbukwa. Yupo chozi wa Moreau wa milima ya Nguu, Ukaguru na Udzungwa, aliyepewa jina mwaka 1933. Yupo yule ndege mdogo wa mdomo mrefu wa Amani, Artisornis moreaui, wa mwaka 1931. Yupo ndege mwekundu wa uso wa Uluguru ambaye Moreau mwenyewe alimpa jina la mkewe mwaka 1938, winifredae. Hata bundi wetu mkubwa wa Usambara ana jina la Vosseler, Mjerumani wa kituo cha zamani. Vijana waliokaa chini ya miti kutwa nzima wakihesabu matunda hatuna majina yao. Tunawaomba wasomaji: kama babu yako au babu wa mkeo alifanya kazi kituoni Amani kati ya 1928 na 1946, msituni, maktabani au bustanini, mwandikie katibu. Tungependa kuwa na orodha yetu wenyewe.

Na ukweli mwingine usemwe. Ndege hao walipigwa risasi, kwa mamia. Ndivyo sayansi ya wakati huo ilivyofanya kazi, na ngozi zile ziko kwenye droo za makumbusho ya nje, siyo kwetu. Moreau hakuwa mhifadhi kwa maana tunayoitumia leo. Hakuandamana, hakuanzisha hifadhi. Alikuwa mtu mkali wa maneno katika maandishi, asiyevumilia hoja legelege, na alifanya kazi ndani ya serikali iliyotawala wazee wetu bila kuwauliza. Sisi hatumpi sifa ya utakatifu. Tunampa sifa ya kuandika kwa usahihi alichokiona, mahali alipokiona, na siku aliyokiona.

Mwaka 1946 afya ilimlazimisha kurudi Uingereza. Walikaa katika kijiji cha Berrick Salome karibu na Oxford, akawa mhariri wa jarida la Ibis, jarida kongwe la wataalamu wa ndege, na baadaye rais wa chama cha wataalamu hao cha Uingereza. Kati ya kazi hizo zote aliwahoji wazee wa kijiji hicho kuhusu maisha yao ya zamani, akaandika kitabu kizima kuhusu kijiji kilivyokuwa mwanzoni mwa karne. Kilitoka mwaka 1968. Hatujui kijiji cha Usambara kilichopata bahati hiyo. Tulipokisikia kitabu hicho tulijiuliza: miaka 18 alikaa kwetu, na wazee waliokuwa wakikumbuka Wajerumani na hata kabla yao walikuwa hai!

Miaka yake ya mwisho aliitumia kwa ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia kuja Afrika kila mwaka, mbayuwayu, korongo na wengine wengi. Alikadiria kwamba wanafika bilioni 5. Kilichomsumbua zaidi ni fumbo moja ambalo bado lina jina lake: mamilioni ya ndege hao hukaa katika ukanda mkavu wa kusini mwa Sahara wakati mvua imekatika na nchi inazidi kukauka, na bado, mwishoni mwa kiangazi hicho, hunenepa vya kutosha kuvuka jangwa kurudi kwao. Aliendelea kuandika huku akiugua. Alifariki tarehe 30 Mei 1970, siku moja baada ya kutimiza miaka 73, na kitabu hicho kikatoka mwaka 1972.

Kituo chake cha Amani hakikumsubiri. Muda mfupi baada ya yeye kuondoka, utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, na hazina ya mimea iliyokaushwa ikapelekwa Nairobi mwaka 1950. Amani ikaachiwa malaria. Msitu ukapitia miaka ya misumeno, hasa miaka ya 1970 na 1980, hadi ukataji wa mbao uliposimamishwa. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, hekta 8,380, na kituo cha habari kiko pale Sigi, kwenye nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni ya reli. Watafiti waliokuja baadaye, wakiwemo wanaonasa ndege kwa nyavu na kuwaachia tangu 1987, wanapotaka kujua ndege gani wamepungua huanza na karatasi za Moreau, kwa kuwa hakuna kumbukumbu nyingine ya zamani yenye undani ule. Yule ndege mdogo mwenye jina lake anapatikana mahali pawili tu duniani: Usambara Mashariki na mlima mmoja wa kaskazini mwa Msumbiji. Anapenda matambara ya mizabibu mwitu penye uwazi msituni, na wenye subira humsikia hata karibu na nyumba za zamani za kituo. Ni miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka.

Na maji ya mto Zigi unaotoka humo yanaingia bwawa la Mabayani, na kutoka hapo yanaingia mabombani Tanga mjini. Mwanachama anayesoma haya akiwa Ngamiani au Chumbageni anywe kwanza glasi moja.

Harambee ya mwaka huu ni kwa ajili ya chumba cha sayansi na rafu za vitabu za shule yetu ya sekondari. Mtakumbuka kwamba wajumbe wa elimu walitembelea shule hiyo wakakuta kidato cha nne kinasoma biolojia ya msitu kutoka kwenye picha ya kitabu, wakati msitu wenyewe unaonekana dirishani. Tunahitaji meza, darubini za kuonea mbali jozi kumi, madaftari ya kumbukumbu na vitabu vya ndege na miti vyenye majina ya Kiswahili na Kisambaa. Wanafunzi wataanza na kazi moja: kutafuta mti wenye tundu la hondohondo, na kukaa chini yake kwa zamu, wakiandika saa na idadi ya matunda, ili hesabu yao ilinganishwe na ile ya miaka ya 1930. Safari hii majina ya walioandika yatakuwa juu ya ukurasa.

Fomu ya ahadi iko kwenye jalada la nyuma. Anayependelea kutoa vifaa badala ya fedha awasiliane na mweka hazina kabla ya siku ya mkutano mkuu.